Ufagio Ulipogusa Jiwe

Ninian Coltart alikuwa mjenzi wa kuta za mawe, zile zinazosimama bila udongo wala saruji, jiwe likimshikilia mwenzake kwa uzito wake tu. Kuta zake zilipanda vilima vya Kirkdarroch na kuteremka upande wa pili, na ilisemwa kwamba mtu akitaka ukuta utakaoishi muda mrefu kuliko mjukuu wake, amwite Ninian. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kama ya mtu ambaye amepita milango mifupi maisha yake yote. Hakuoa. Alikuwa na ndugu mmoja, Quintin, mdogo wake kwa miaka minne.

Quintin alikuwa mfupi, mwepesi wa maneno, na kicheko chake kilifika chumbani kabla yake. Yeye naye aliishi kwa mawe, lakini ya namna nyingine. Alichonga mawe ya mchezo katika karakana iliyokuwa ng'ambo ya kilima: jiwe gumu la kijivu, mviringo kama mkate mkubwa, uzito wa mtoto wa miaka mitano, na juu yake mpini. Miaka ishirini na sita alikaa katika vumbi la jiwe hilo. Jioni alirudi nyusi zimekuwa nyeupe, na mkewe, Marion, alimpangusa mlangoni kwa kitambaa kibichi kabla hajamruhusu kuingia.

Katika nchi ile baridi ikikaza, ziwa la Arvie likishika barafu nene kupita urefu wa kiganja, kazi zote husimama. Mchungaji wa kondoo, mhunzi, kasisi, mwalimu, wote huteremka ziwani na mawe yao. Wanne kwa wanne, kila mtu mawe mawili. Jiwe huteleza juu ya barafu hatua arobaini na zaidi kwenda kwenye duara linaloitwa nyumba, ambako nahodha amesimama akionyesha njia, na upande wenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu chake ndio unaopata alama. Mwenye jiwe hulizungusha kidogo tu mkono unapoliachia, na kwa sababu ya mzunguko huo jiwe, likianza kuchoka, hupinda. Kupinda huko ndio utamu wenyewe. Laiti jiwe lingekwenda moja kwa moja, ungekuwa mchezo wa watoto.

Mbele ya jiwe hukimbia watu wawili wenye mafagio, wakisugua barafu kwa nguvu zao zote. Barafu iliyosuguliwa hulainika, na jiwe hupata pumzi ya kwenda mbali zaidi na kuchelewa kupinda. Mgeni akitazama huona watu wazima wamepagawa, wanafagia ziwa. Mwenyeji huona watu wanne wamebeba nia moja, wanaipeleka hadi mahali pake bila kuigusa.

Bila kuigusa, hiyo ndiyo sheria. Ufagio ukigusa jiwe la upande wako likiwa linakwenda, jiwe hilo limeungua. Hapana mwamuzi ziwani. Aliyeligusa ndiye anayesema, papo hapo na kwa sauti, hata kama hakuna jicho lingine lililoona. Kisha nahodha wa wapinzani huchagua: litolewe, au libaki. Watoto wa Kirkdarroch hufundishwa hivyo kabla hawajafundishwa kushika mpini. Wamewahi kuitana wezi wa kondoo, wamewahi kuitana walevi na wazinzi, lakini neno kwamba fulani alinyamazia jiwe lililoungua halijapata kusemwa juu ya mtu.

Ninian alikuwa mfagiaji. Mawe yake mwenyewe aliyatoa ya kwanza, bila mbwembwe, kisha akashika ufagio, na kwa ufagio hakuwa na mwenzake katika wilaya. Quintin alitoa mawe ya tatu, kabla ya nahodha wao, mzee Kissock, na hakuna aliyejua kwa nini Kissock alimpa nafasi hiyo kubwa. Mawe ya Quintin yalichongwa vizuri kuliko ya mtu yeyote, na yalikufa njiani mara nyingi kuliko ya mtu yeyote. Jiwe linaloishia kabla ya kuvuka mstari uliochorwa mbele ya nyumba huitwa nguruwe, nalo huondolewa kwa aibu. Quintin alikuwa na zizi zima.

Februari ya mwaka arobaini na saba walikutana na watu wa Balwhinnie, kijiji cha ng'ambo ya ziwa, kugombea nishani ya fedha ambayo Kirkdarroch walikuwa hawajaishika kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi ile, mawe yakiwa yamepangwa ukingoni yapoe, maana jiwe lenye joto la nyumbani hujichimbia shimo katika barafu, mtu wa Balwhinnie alipaza sauti.

"Quintin, leo umetuletea nguruwe wangapi?"

"Nimemwacha mmoja nyumbani," Quintin akasema. "Amesema nimsalimie kaka yake. Nimekuona, salamu zimefika."

Hata mzee Kissock alicheka, na yeye hucheka kwa mwaka mara moja.

Mchezo ulikwenda sare hadi mzunguko wa mwisho. Jiwe la Balwhinnie lilikuwa limekaa karibu na kitovu cha nyumba, na mbele yake mawe mawili yamesimama kama walinzi mlangoni. Palibaki jiwe la pili la Quintin, kisha mawe mawili ya kila nahodha. Kissock aliweka ufagio wake kwenye barafu kuonyesha mahali pa kulenga, na mahali penyewe palikuwa kama kumwambia mtu apitishe kondoo kwenye tundu la ufunguo.

Quintin alipiga goti. Jiwe lilipotoka mkononi mwake Ninian alijua kwa mlio. Barafu nzuri huunguruma chini ya jiwe, na jiwe hili liliunguruma kama lisiloharakishwa na mtu. Alikimbia nalo pamoja na Sproat mhunzi, mmoja kila upande. Likapita mlinzi wa kwanza kwa upana wa kidole. "Fagieni," Kissock alikuwa akiita, "fagieni, msiliache." Likaanza kupinda. Ninian aliinama mpaka kidevu kilikaribia mpini wa ufagio, akasugua hata asihisi mikono. Na hapo, kwenye mpindo, jiwe likija ndani kuliko alivyotazamia, ubao wa ufagio wake uligusa ubavu wa jiwe.

Haukuwa mgongano. Alihisi kitu kidogo katika kifundo cha mkono, kama mtu anapoguswa bega na mtu aliyekwisha pita. Sproat alikuwa upande wa pili, hakuona. Kissock alikuwa anatazama kitovu. Jiwe lilizunguka mlinzi wa pili, likaligusa lile la Balwhinnie, likalisukuma nje taratibu, likakaa mahali pake.

Ninian alifungua kinywa. Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa bado amepiga goti mbali kule, mikono kichwani, asiamini. Watu wa Kirkdarroch ukingoni walikuwa wanaita jina lake, jina ambalo kwa miaka yote waliliita kwa kumcheka. Ninian akafunga kinywa. Alijiambia atasema akishapata pumzi.

Yalibaki mawe manne. Nahodha wa Balwhinnie, Thorburn Hannay, alitoa lake la kwanza, likagonga mlinzi. Kissock akaongeza mlinzi mwingine, na Ninian alilifagia jiwe hilo. Hannay akatoa lake la mwisho, likapita pembeni. La Kissock halikuwa na kazi tena. Kila jiwe lilikuwa mlango wazi wa kusema, na Ninian aliupita kila mmoja bila kuingia. Hannay alikuja akamshika Quintin mkono, akasema, "Sijaona jiwe zuri hivi tangu vita vya kwanza." Kwa desturi, mshindi na mshindwa walikula meza moja jioni ile, nyama ya ng'ombe na mboga, na Hannay aliinua glasi ya kwanza kwa ajili ya Quintin. Ninian alisema ana homa, akaenda zake.

Hakushika ufagio tena. Aliwaambia watu kwamba goti lake limeharibika, na kwa kuwa mjenzi wa kuta hupiga magoti siku kutwa, waliamini.

Nishani ilipewa Quintin aitunze, akaitundika ukutani juu ya meko. Na hadithi ya jiwe ikawa yake. Aliisimulia harusini na msibani, aliisimulia karakanani mashine zikizimwa. Ilimkalia vizuri, mtu aliyezoea kuchekwa alitembea kwa namna nyingine. Na kila alipofika mahali pa mpindo, alinyoosha mkono kumwelekea kaka yake. "Mimi nililitoa tu," alikuwa akisema. "Huyu ndiye aliyelileta nyumbani." Ninian alitazama buti zake. Watu walimwona mnyenyekevu.

Mwaka wa sitini kikohozi cha vumbi cha Quintin kiligeuka ugonjwa. Daktari alisema mapafu yamejaa jiwe. Ndivyo alivyosema, na Quintin alicheka. "Basi nikifa msinichongee jiwe la kaburi," alisema. "Nisimamisheni mwenyewe."

Majira ya baridi ya mwaka wa sitini na tatu yalikuja kama yale ya zamani. Kufikia Januari ziwa la Arvie lilikuwa jeupe toka ukingo hadi ukingo, na usiku barafu ilipasuka ndani kwa ndani kwa sauti ya mizinga. Kitanda cha Quintin kilikuwa kimesogezwa dirishani, kwa kuwa alipumua vizuri akikaa, na kutoka hapo aliliona ziwa. Ilitangazwa kwamba Jumamosi Kirkdarroch watapambana na Balwhinnie.

"Utacheza," alimwambia Ninian. Sentensi zake zilikuwa zimekuwa fupi, pumzi haikutosha kwa ndefu. "Kwa mawe yangu. Pahala pangu."

"Goti langu, Quintin."

"Goti lako limejenga ukuta wa shamba la kasisi juzi tu. Nimeona." Alipumzika. "Nataka nisikie mawe yangu yakienda. Nitayajua kwa mlio. Kisha uje unieleze. Basi. Sikuombi kingine."

Marion alimsindikiza Ninian mlangoni. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto hakatazwi kitu kidogo hivi, sembuse mgonjwa."

Ninian hakwenda nyumbani. Alisimama ukingoni mpaka miguu ikafa ganzi. Kushika mawe yale na kusimama mbele ya Balwhinnie asingeweza, akiwa bado na lile jambo kinywani. Na kumwambia Quintin, mtu ambaye hazina yake yote ni jiwe moja? Lakini palikuwa na njia ya tatu, na alikuwa ameizunguka miaka kumi na sita kama mbwa anavyozunguka nyama ya moto. Sheria ilimpa hiari nahodha wa wapinzani. Kama Hannay angesema libaki, basi jiwe lingekuwa halali, na ushindi halali, na Quintin angekufa na kilicho chake. Siku ya pili alivuka ziwa kwa miguu.

Thorburn Hannay alikuwa na miaka sabini na sita, mjane, mbwa wawili wazee miguuni. Alimkaribisha jikoni, akamimina chai.

"Wewe hujanikanyagia mlango tangu nilipokulipa ukuta wa chini," alisema. "Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu, mzee Hannay. Nimekuja kwa ajili ya jiwe."

Akamweleza. Aliongea akitazama meza, na alipomaliza alishangaa kwamba yamekuwa maneno machache hivyo.

"Uliligusa," Hannay akasema.

"Kwa ubao. Kwenye mpindo."

"Lilibadili njia?"

"Sijui. Miaka kumi na sita nalitazama kila usiku, na sijui."

Mmoja wa mbwa aliamka, akajizungusha, akalala tena.

"Ningesema wakati ule," Ninian akauliza, "ungelitoa, au ungeliacha?"

Hannay aliinua kikombe, akanywa, akakirudisha mezani.

"Ningeliacha," alisema. "Kwa mguso kama huo? Ningeliacha, Coltart. Nenda kamwambie mdogo wako. Na Jumamosi uje na ufagio, wazee tumebaki wachache."

Ninian alivuka ziwa akirudi, na alitembea kama kijana. Jua dogo la baridi lilikuwa juu ya vilima na alilitazama bila kuinamisha uso. Hakupita kwake, alikwenda moja kwa moja kwenye kile kitanda.

Alimweleza Quintin yote: mguso, kimya, mawe manne, goti la uongo. Alieleza haraka ili afike kwa Hannay. "Na leo nimemwuliza. Amesema angeliacha. Umesikia, mdogo wangu? Ni halali. Lilikuwa halali siku zote."

Quintin alikuwa ametulia. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya blanketi, kiganja kimefunguka.

"Alijibu papo hapo?" aliuliza.

"Nani?"

"Hannay. Ulipomwuliza. Alijibu papo hapo?"

Ninian angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Alikunywa chai kwanza," alisema.

"Ahaa."

Nje, watoto walikuwa wanateleza ukingoni, sauti zao zinakuja na kupotea.

"Leo ameliacha," Quintin akasema polepole. "Mzee. Jikoni kwake. Anajua mimi hapa nakufa. Leo hata mimi ningeliacha." Alivuta pumzi, ikakwama, akaingoja. "Siku ile, nishani mezani, watu wake nyuma yake. Angesema nini siku ile? Hakuna ajuaye. Yeye mwenyewe hajui."

"Quintin."

"Ungesema, angelitoa, ningelia siku mbili. Kisha ningejua. Au angeliacha, na ningejua." Hakupandisha sauti. "Sasa umeniletea jiwe ambalo halimo wala halijatoka."

Ninian alisema alifanya kwa ajili yake.

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukutukana." Akageuza uso dirishani. "Marion, teremsha kile kitu ukutani. Na mawe yangu Jumamosi yasitoke."

Jumamosi walicheza bila ya Coltart hata mmoja. Ndugu wawili walikaa chumbani, mmoja kitandani, mwingine kwenye kiti, na ziwa likaunguruma kuanzia asubuhi. Marion aliwaletea supu, akaichukua imepoa. Ninian alimsaidia mdogo wake kujiinua alipokohoa, na Quintin alikubali kushikwa, lakini hakusema asante kama alivyozoea. Ukutani juu ya meko palikuwa na doa jeupe la mviringo.

Jioni alikuja Dand McKie, mleta barua, mashavu mekundu kwa baridi na wiski, kuwaambia kwamba Kirkdarroch wameshindwa vibaya.

"Tumekosa mtu wa jiwe la tatu," alisema. "Haya, Quintin, tusahaulishe aibu. Tupe lile la arobaini na saba. Mimi nilikuwa jeshini, kila mtu aliliona isipokuwa mimi."

Quintin alikuwa amefumba macho. "Mwulize kaka," alisema. "Siku hizi ni la kwake."

McKie alicheka, akamgeukia Ninian, kofia magotini, akingoja.

Ninian alisimulia. Alianza na mawe yaliyopangwa ukingoni na yule nguruwe aliyetuma salamu, na McKie akacheka mahali panapochekesha. Akasimulia walinzi wawili na goti la Quintin kwenye barafu. Alipofika kwenye ufagio hakupunguza sauti. Alisema, "Nililigusa, na sikusema." Kicheko cha McKie kilibaki usoni bila kitu nyuma yake, kisha kikaondoka. Alitazama kitanda, akatazama mlango. Ninian aliendelea, kwa kuwa hakujua namna ya kuishia hapo. "Likamzunguka mlinzi wa pili. Lilianza kupinda lilipokuwa limekwisha mfikia, na..."

"Si hapo," Quintin akasema.

Wote wawili walimgeukia. Hakuwa amefumbua macho.

"Lilianza kupinda kwenye mstari. Mapema. Ndiyo sababu lilikuja ndani, likakukuta." Alipumzika kwa muda mrefu, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyebeba mzigo ngazini. "Nilizungusha zaidi ya alivyotaka Kissock. Sikupata kumwambia mtu. Lisimulie sawasawa."

"Kwenye mstari," Ninian akasema.

"Endelea."

Akaendelea hadi mwisho, kwa McKie ambaye alikuwa hasikilizi tena, anatafuta namna ya kuaga. Alipokwisha kuondoka, Ninian alingoja kama kuna neno lingine. Quintin alikuwa amelala, au alikuwa anafanya kama aliyelala.

Alikufa Alhamisi, barafu ikiwa bado nene, na wachimba kaburi iliwabidi kuwasha moto wa makaa juu ya ardhi usiku kucha kabla ya sururu kuingia. Hannay alivuka ziwa kwa mguu, mzee yule, akabeba jeneza pembe moja. Kufikia siku ile kijiji chote kilikuwa kimekwisha sikia. Watu walimpa Ninian mkono kwa adabu kaburini, kisha wakasimama mbali naye kidogo.

Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, akajenga kuta. Mtu akimwuliza juu ya jiwe, mara nyingi mgeni, alimweleza lote, na hakuwahi kusahau kusema kwamba lilianza kupinda kwenye mstari.